Sura ya Nne: Hatua Tatu, Nane

Mzee aliyenifundisha kazi hii mjini Korogwe alikuwa na kamera ya filamu iliyochubuka rangi kwenye kingo, flashi nzito kama tofali, na maneno aliyoyanong'ona kila alipoinuka kwenda kupiga: "Hatua mbili, kumi na moja. Hatua tatu, nane. Hatua nne, tano na sita. Hatua sita, nne." Wiki ya kwanza nilidhani ni dua. Nilikuwa kijana mdogo, na sikuthubutu kumuuliza mtu mzima anaomba nini.

Ilikuwa hesabu. Namba ya kwanza ni umbali kutoka kwenye flashi hadi kwenye uso wa mtu, aliopima kwa hatua zake ndefu, kila moja karibu mita. Namba ya pili ni kitundu cha lenzi: f/11, f/8, f/5.6, f/4. Zidisha umbali kwa kitundu na jibu linazunguka pale pale, kati ya 22 na 24. Hiyo ndiyo ilikuwa nguvu ya flashi yake kwa filamu ya ISO 100, naye aliihifadhi kichwani kama utingo anavyohifadhi nauli za vituo vyote hadi Mombo.

Alikuwa na sababu. Filamu ilikuwa na picha 36 basi, kamera haikuwa na kioo cha kukuonyesha ulichopata, na filamu yenyewe ilipelekwa Tanga kusafishwa. Majibu yalirudi wakati turubai limeshakunjwa na wageni wamesharudi kwao. Picha ikija imeungua, harusi hairudiwi.

Siku hizi vijana wananijia na kamera za kidijitali, nyingine nzuri kuliko zote alizowahi kushika yule mzee, na swali lao ni moja. "Shikamoo kaka. Nimejikusanya kidogo, nataka flashi. Ninunue ya mkono au ya otomatiki?" Nawajibu: ya mkono. Sura hii ni maelezo ya jibu hilo, pamoja na mahali ambapo jibu hilo linashindwa, maana yapo, na mojawapo ni zito.

Tuelewane kwanza juu ya maneno. Flashi ya mkono ni ile ambayo wewe mwenyewe unaiambia itoe mwanga kiasi gani: nguvu kamili, nusu, robo, 1/8, na kuendelea kushuka hadi 1/64 au 1/128. Ukishaiambia, inatoa kiasi hicho hicho mpaka uibadilishe. Flashi ya otomatiki inazungumza na kamera. Kabla ya mmweko mkubwa inarusha mdogo, kamera inapima mwanga uliorudi kupitia lenzi, inakisia kiasi kinachofaa, kisha mmweko wa kweli unatoka. Yote hayo yanamalizika kabla hujatoa kidole kwenye kitufe. Mfumo huo huitwa TTL. Asili yake ni Olympus OM-2 ya mwaka 1975, kamera ya kwanza kupima mwanga wa flashi ndani yake wakati filamu inaupokea. Canon walileta njia ya mmweko wa kutangulia, wakaiita E-TTL, mwaka 1995, na Nikon wakaja na i-TTL mwaka 2003. Tofauti ya flashi hizi mbili ni kama ya gari la gia za mkono na gari la otomatiki, ila dereva wa otomatiki bado anashika usukani mwenyewe. Mpiga picha wa otomatiki, asipoangalia, amekaa kiti cha abiria.

Nitaeleza kwa nini nasema hivyo, lakini nataka kupita mahali kwanza.

Mwanga wa kutengenezwa kwa ajili ya picha una historia ndefu katika bonde hili. Mwanzoni mwa karne iliyopita, miaka ile ile ambayo reli kutoka Tanga ilifika Korogwe, mwaka 1902, na kusogea hadi Mombo mwaka 1905, Mjerumani mmoja aliyeitwa Carl Georg Schillings alikuwa akizunguka nyika za Wamaasai na sehemu za juu za mto Pangani, mto huu huu unaopita Korogwe, akipiga picha za wanyama usiku. Kitabu chake, *Mit Blitzlicht und Büchse*, yaani kwa mmweko na bunduki, kilitoka Ujerumani mwaka 1905 na kuwashangaza watu waliokuwa hawajawahi kumwona simba jinsi alivyo gizani. Flashi yake ilikuwa unga wa magnesi uliochanganywa na kemikali nyingine, unga uliolipuka kweli kweli na ungeweza kumuunguza aliyeukaribia. Kamera na sahani za vioo vilibebwa na wapagazi, siku nyingi kwa miguu. Picha zile zina jina la mtu mmoja. Mimi kila nikiziona nawafikiria waliobeba vioo vile vichwani bila kuvivunja.

Kinachonihusu hapa ni jinsi alivyofanya. Schillings hakuweza kukaa karibu na simba akirekebisha mwanga. Alitega. Chambo kilifungwa mahali pamoja, kamera ikaelekezwa hapo mchana, na kamba ikanyooshwa ili mnyama mwenyewe, akiigusa usiku, ajipige picha. Umbali ulijulikana kabla ya jua kuzama, na kiasi cha unga pia. Hiyo ni flashi ya mkono katika hali yake ngumu kabisa, na ilifanya kazi kwa sababu moja tu: aliyetega alijua chambo kiko umbali gani.

Umbali. Kijana anayenunua flashi ya kwanza anadhani ananunua mwanga, kumbe ameingia shule ya umbali. Jua halimsumbui mtu kwa jambo hili. Ukisimama Segera au ukisogea mita kumi kuelekea Hale, jua ni lile lile. Flashi sivyo. Umbali ukiwa mara mbili, mwanga unaomfikia mtu unabaki robo. Ukiwa mara tatu, unabaki sehemu moja ya tisa. Sheria hii haina huruma na haina bei: flashi ghali na flashi rahisi zote ziko chini yake.

Iangalie kwenye meza kuu ya harusi. Bwana na bibi harusi wamekaa mita 2 kutoka kwako, na nyuma yao, mita 4, wamesimama mashangazi na wajomba. Ukiwapiga kwa flashi ya moja kwa moja, mashangazi wanapata robo ya mwanga wa maharusi. Ama bibi harusi aungue, ama shangazi azame gizani. Watu wengi hapo wanalaumu flashi, wengine wanaongeza nguvu, na bibi harusi anazidi kuungua. Dawa iko miguuni. Rudi nyuma mpaka maharusi wawe mita 6 na mashangazi mita 8, vuta kwa lenzi, na sasa walio nyuma wanapata zaidi ya nusu ya mwanga wa walio mbele. Picha inatulia. Hakuna otomatiki inayoweza kukufanyia hilo, kwa sababu otomatiki inabadilisha nguvu ya mmweko tu. Haiwezi kukusogeza wewe.

Yule mzee alijua haya bila kuyaeleza. Flashi ya mkono iliyalazimisha kuingia mwilini mwake, yakakaa kwenye magoti. Na hii ndiyo sababu yangu ya kwanza.

Sababu ya pili ni ngozi zetu na nguo zetu.

Kamera inapokisia mwanga haijui imeelekezwa kwa nani. Inachojua ni kwamba dunia, kwa wastani, inarudisha mwanga kiasi cha rangi ya kijivu ya katikati, basi inajitahidi kila picha iwe ya kijivu hicho. Mbele ya miti na barabara na watu wa mavazi mchanganyiko, kisio hicho kinakubalika. Sasa ipeleke kwenye maulidi.

Niliwahi kualikwa kupiga maulidi ya usiku Chanika, pale Handeni mjini. Nilikuwa na flashi ya otomatiki ya kuazima, na nilijiona nimefika. Wanaume zaidi ya arobaini wamekaa safu kwa safu, wote kanzu nyeupe na kofia nyeupe, zulia chini, taa mbili za jenereta. Kamera ikaona weupe mwingi, ikaogopa, ikapunguza mmweko. Kanzu zikatoka kijivu kama zimefuliwa kwa majivu, na nyuso, ambazo ni nyeusi na zilihitaji mwanga zaidi, zikapotea kabisa. Macho na meno vilionekana, na ndevu za mvi. Basi. Nikageukia upande wa akina mama, wengi wamevaa buibui jeusi. Kamera ikaona weusi, ikaongeza mmweko. Buibui likatoka kijivu, na nyuso zikaungua. Mama mmoja mtu mzima aliniomba aone picha yake kwenye kioo cha kamera. Aliitazama muda mrefu.

"Mwanangu," akasema, "huyu ni mimi?"

"Ni wewe, mama. Nitairekebisha."

"Basi mbona umenifuta?"

Sikuwa na jibu, na hata leo nikikumbuka naona haya. Mwanga ule haukuwa umeharibika. Flashi ilikuwa nzima na kamera nzima, kila kimoja kikifanya kazi kama kilivyotengenezwa. Kosa ni kwamba niliviachia viamue uso wa mtu uwe vipi, navyo havikuwa vikitazama uso. Vilikuwa vikitazama nguo.

Najua wanaotumia TTL watasema kuna kitufe cha fidia: ongeza kidogo mbele ya kanzu, punguza mbele ya buibui. Ni kweli, na wanaojua kukitumia wanapata picha nzuri sana. Lakini fikiria anachohitaji kujua mtu ili akitumie. Anahitaji kutazama safu ya kanzu na kusema moyoni, "kamera yangu sasa hivi itakosea upande huu, kwa kiasi hiki." Mtu wa kusema hivyo tayari anaujua mwanga. Anayeanza hajui, na otomatiki haimfundishi, kwa sababu kila picha inatoka na kiasi chake tofauti na hakuna kinachobaki mahali pamoja akakishika. Flashi ya mkono ikiwekwa 1/8, mtu wa mita 3 anapata mwanga ule ule awe na kanzu, buibui au kitenge cha maua. Uso wake unakuwa uso wake.

Usiku ule ningekuwa na flashi ya mkono na nimekumbuka hatua tatu, nane, yule mama angejiona.

Kuna kazi ambayo flashi ya mkono inashinda bila ubishi, nayo ndiyo inayowalisha wengi wetu: picha za paspoti za wanafunzi. Korogwe na Handeni zina shule nyingi, na mwaka unapofika wakati wa fomu na vyeti, mwalimu anakupigia simu uje na kitambaa chako cha bluu. Watoto mia mbili wanapanga foleni. Mmoja ana shati jeupe, anayefuata amevaa sweta la rangi nzito, wa tatu amejifunga hijabu nyeupe. Otomatiki itawapa nyuso za rangi tatu. Ya mkono inakutaka uweke kiti mahali pamoja, uchore mstari wa chaki utakaposimama wewe, upige picha mbili za majaribio, na kuanzia hapo usiguse kitu. Namba ya kwanza na ya mia mbili zinatoka sawa, na jioni kwenye kompyuta huna cha kurekebisha.

Hesabu yake ni hii. Chukua flashi ambayo nguvu yake kwa ISO 100, kichwa chake kikiwa kwenye upana wa kawaida, ni 36. Kwa ISO 400 namba hiyo inakuwa mara mbili, 72. Ukiishusha hadi 1/16, inagawanyika kwa nne, inabaki 18. Gawanya 18 kwa kitundu cha f/8: mita 2 na robo. Weka kiti hapo. Mtoto asiegemee kitambaa. Mtenge nacho mita moja au zaidi, ndipo kivuli cha kichwa kianguke chini badala ya kumganda nyuma kama pacha. Na kwa kuwa unatumia 1/16 tu, flashi inajaa tena papo hapo na betri zinamaliza foleni.

Angalia pia kwamba flashi ya mkono haina ule mmweko wa kutangulia. Kuna watu, hasa wazee, ambao mmweko mdogo wa TTL unawafanya wafumbe macho, na mmweko wa kweli unawakuta wamefumba. Utapiga mara nne na mara zote nne bibi amelala. Ukihamia mkono, bibi anafungua macho.

Sasa nifike mahali jibu langu linaposhindwa.

Bibi harusi anashuka kwenye gari. Yuko mita 5. Anatembea kuja kwako, mita 4, mita 3, wanawake wanapiga vigelegele, mtoto anakatiza mbele mita 1 na nusu, bwana harusi anatokea upande wa pili mita 6, halafu kila mtu anacheza. Hapo hakuna hatua tatu, nane. Kila sekunde ni umbali mwingine, na mwenye flashi ya mkono anayekimbilia kubadilisha nguvu atamaliza na picha za migongo. Otomatiki hapo ni msaada wa kweli. Inakosea, lakini makosa yake ni madogo kuliko yako, na faili la kisasa, hasa ukipiga RAW, linavumilia kosa dogo. Kama kazi yako tayari ni harusi kila Jumamosi, na kuna watu wamekulipa, nunua otomatiki, tena usione aibu. Mimi ninayo. Bibi harusi akiingia naiweka TTL, akishakaa kwenye kiti chake naigeuza mkono. Flashi ya otomatiki inakubali kugeuzwa kuwa ya mkono, na kinyume chake hakiwezekani. Hiyo ndiyo hoja nzito ya wanaopinga ushauri wangu, na siwezi kuipuuza.

Jibu langu kwao ni pesa na tabia. Flashi ya mkono kama Godox TT600 au Yongnuo YN560 IV inauzwa kwa sehemu ndogo tu ya bei ya flashi ya Canon au Nikon yenyewe, na chini ya bei ya otomatiki za Godox pia. Zote mbili zina redio ndani. Siku ukinunua otomatiki ambayo redio yake inaelewana nayo, hii ya kwanza haiendi kabatini: unaisimamisha kwenye stendi nyuma ya maharusi na inawaka kwa amri ya nyingine, huna haja ya kifaa cha ziada kwenye mguu wake. Otomatiki ya kwanza ikiwa ghali, unakaa miaka mitatu na taa moja. Kuhusu tabia, nimewaona vijana wengi waliosema wataigeuza otomatiki yao iwe ya mkono "wakijifunza". Kitufe kipo, hawajakigusa.

Kuna jambo la huku kwetu ambalo maelekezo yanayokuja na flashi hayaligusi. Yanakuambia uelekeze kichwa cha flashi juu, mwanga ugonge dari nyeupe na kurudi umelainika. Dari nyeupe iko wapi? Nyumba nyingi za vijijini Handeni unaangalia juu unakutana na bati na mirunda. Bati linarudisha mwanga kwa vipande, kama maji ya mto yanavyometa, na mirunda inauzuia. Turubai la sherehe, likiwa la bluu au kijani, linarudisha mwanga wa rangi hiyo, na watu wote wanaonekana wagonjwa. Ukuta wa udongo mwekundu, na Handeni udongo ni mwekundu kweli, unampaka mtu wekundu upande mmoja wa uso. Wekundu huo si mbaya kila wakati. Kuna picha ya mzee mmoja wa Kizigua kwenye kibaraza chake, mwanga umegonga ukuta wake mwenyewe ukamrudia, na sijawahi kupiga picha bora ya mzee. Lakini kwa harusi, beba shuka jeupe. Vijana wawili wakalishike juu upande mmoja wako, geuza kichwa cha flashi kwenye shuka, na una dari yako. Ya mkono inapenda mpango huu, kwa sababu shuka halihami. Unajaribu robo ya nguvu kwa ISO 1600 na f/5.6, unaangalia kioo, unapanda au kushuka, na ukishapata, umepata kwa usiku mzima. Hapa wimbo wa yule mzee hausaidii moja kwa moja, mwanga umekunja kona na kunywewa na kitambaa, ila mantiki yake inabaki: tafuta kiasi, kisha linda umbali.

Kwa sababu hiyo flashi yoyote utakayonunua, kichwa chake kiwe kinageuka juu na pembeni. Kisichogeuka usikinunue hata kwa bei ya bure.

Mengine ya kuangalia dukani. Pindua kamera yako utazame pale juu flashi inapopachikwa. Katikati panatakiwa kuwe na kitovu cha chuma. Ndicho kinachowasha flashi za mkono za kampuni nyingine. Canon walikiondoa kwenye baadhi ya kamera zao za bei ya chini, 250D ya mwaka 2019 ikiwemo, na 4000D pia. Hizo ndizo kamera ambazo anayeanza anazimudu, na mtu anaweza kununua flashi nzuri ya mkono, akaipachika, akabonyeza, kimya. Kama kamera yako haina kitovu, nenda nayo dukani na usilipe kabla hujaiona flashi imewaka juu yake. Na ukinunua otomatiki, ya Canon iende kwa Canon, ya Nikon kwa Nikon. Ikipachikwa kwa mwingine, lugha hazielewani na inabaki ya mkono kwa lazima.

Flashi za zamani zinazouzwa mitumba zina hatari yake. Vivitar 283 za mwanzo, flashi ambazo zilipendwa dunia nzima, zilipitisha zaidi ya volti 200 kwenye kitovu kile. Kamera za filamu zilistahimili. Kamera yako ya kidijitali inaweza kufa siku hiyo hiyo. Kabla ya kuipachika, mpelekee fundi redio. Aiwashe, ijae, aweke ncha moja ya mita yake kwenye kitovu cha kati na nyingine pembeni kwenye chuma. Ikisoma volti 6 au chini, tumia kwa amani. Ikisoma mia na zaidi, mrudishie mwenyewe.

Na betri. Flashi hizi nyingi zinatumia betri nne ndogo za AA. Zile za bei ya chini zilizojaa kwenye kila kibanda kutoka Mkata hadi Mombo zimetengenezwa kwa redio na saa, vitu vinavyonywa taratibu. Flashi inanywa kwa pupa. Utapiga picha chache, halafu taa ya kujaa itachukua muda mrefu kuwaka, na katikati ya keki utabaki umesimama. Nunua za kuchaji za NiMH, seti mbili, na chaja yake. Maandishi yao yatasema volti 1.2 badala ya 1.5, usiogope, zinatoa umeme mwingi kwa mpigo na ndicho flashi inachotaka. Flashi zenye betri moja kubwa ya lithiamu zinajaa haraka na zinadumu, nazisifu, lakini umeme ukikatika siku nzima na betri yako ni moja, jirani hana ya kukuazima. Betri za AA hata usiku wa manane Kabuku utazipata, ziwe dhaifu, lakini zitakuvusha. Kumbuka pia joto. Korogwe iko chini bondeni na mchana wake unajulikana. Ukipiga nguvu kamili mfululizo, flashi inachemka na kujizima, au inaungua kabisa. Kaa robo na nusu, panua kitundu, pandisha ISO.

Jambo la mwisho ni spidi ya shata. Kamera nyingi hazivuki 1/200 zikiwa na flashi ya kawaida. Ukivuka, utaona ufito mweusi umekata picha, na wateja watadhani kamera mbovu.

Ukishainunua, usiende nayo harusini. Tafuta kamba ya katani, Korogwe haikosi mkonge, na uipige fundo kila mita moja hadi nane. Funga ncha yake kwenye mti au kiti, muombe mdogo wako akae hapo, ngoja jua lizame. Weka ISO 400, spidi 1/125, flashi 1/16, na upige kwenye kila fundo ukibadilisha kitundu mpaka uso wake uwe uso wake. Usiangalie shati lake. Andika. Kesho yake rudia kwa robo. Utapata safu ya namba ambazo ni za flashi yako na macho yako, na hazitafanana sawasawa na za kwenye boksi, kwa sababu watengenezaji hupima kichwa kikiwa kimevutwa hadi mwisho, mwanga umebanwa uende mbali. Zinakili kwenye kipande cha plasta nyeupe na ukibandike mgongoni mwa flashi.

Yangu ya kwanza bado ina plasta yake. Wino umefifia, lakini mstari wa pili unasomeka: 3, na 8.